Kujitolea kwenye makao ya watoto ughaibuni, na namna ya kusafiri na ndugu wanaokuja kukuona

Mtoto wa miaka mitatu anayemkimbilia mgeni asiyemjua, akamrukia kifuani na kukataa kushushwa, huonekana mchangamfu. Wengi hutoa simu na kupiga picha hapo hapo. Wenye uzoefu wa malezi huona jambo jingine. Mtoto wa umri huo aliyekuzwa na mtu mmoja wa kudumu kwa kawaida hujificha kwanza nyuma ya mguu wa mlezi wake, akachungulia, akarudi, ndipo akasogea. Anayemrukia kila anayeingia mlangoni amekwisha kuzoea kwamba watu huja na kuondoka, na bado hajajua yupi ni wake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa kumfikiria mtoto huyo. Unaanzia kwenye kuchagua makao, unapitia karatasi, chanjo na kazi yenyewe, kisha unakaa zaidi kwenye jambo ambalo watu wengi huliacha lijipange lenyewe: mzazi, mwenza au rafiki anapopanda ndege kuja kukuona katikati ya muda wako wa kujitolea.

Ujue unaingia wapi

Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya kila watano walioko kwenye makao wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Kinachowafikisha pale mara nyingi ni umaskini, ulemavu usio na huduma karibu na nyumbani, au ahadi ya shule. Na panapokuwa na wageni wengi wenye fedha na moyo wa kusaidia, makao huongezeka hata kama yatima hawajaongezeka. Nchini Kambodia yalipanda kutoka 154 mwaka 2005 hadi 269 mwaka 2010. Nchini Nepal mengi yamejikusanya kwenye wilaya zinazopitiwa na watalii, mbali na vijiji walikotoka watoto.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, ya mwaka 2009, inataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe ndani ya familia. Desemba 2019 Baraza Kuu likapitisha azimio namba 74/133 linalozitaka serikali kuzuia madhara yanayotokana na programu za kujitolea kwenye makao ya yatima, pamoja na zile zinazoambatana na utalii. Australia ilikuwa imeshaanza mwaka 2018 kuwashauri raia wake wasiende kujitolea kwa muda mfupi bila ujuzi kwenye makao ya aina hiyo. Utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukiwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi, ulionyesha kwamba waliohamishiwa kwenye familia walijenga uhusiano wa karibu na walezi wao kwa urahisi zaidi, hasa waliohama kabla ya kutimiza miaka miwili.

Nafasi za kujitolea zinazofaa zipo. Ni chache, na kwa kawaida hazitangazwi kwa picha za watoto wanaolia.

Kuyapima makao kabla ya kukubali

Omba namba ya usajili na jina la mamlaka iliyotoa leseni, kisha wapigie mamlaka wewe mwenyewe kwa namba uliyoitafuta pembeni, si ile uliyopewa na makao. Baada ya hapo uliza, kwa maandishi:

Watoto wangapi wana ndugu wanaojulikana, na wangapi walirudishwa kwa familia mwaka uliopita? Makao mazuri hujibu kwa idadi na kueleza kilichokwamisha waliobaki. Jibu la "hawa wote hawana mtu" kwa nyumba yenye watoto arobaini halielekei kuwa kweli.

Nani analala na watoto usiku, na amefanya kazi hapo miaka mingapi? Walezi wa kuajiriwa waliodumu ndio uti wa mgongo wa nyumba. Ukisikia kwamba zamu za kulisha, kuogesha na kulaza zinashikwa na wageni wa kujitolea, acha. Maana yake ukiondoka anayemlaza mtoto ameondoka.

Sera ya ulinzi wa mtoto iko wapi, na nikiona jambo baya nimwambie nani zaidi ya mkurugenzi? Sera isiyo na mtu wa pili wa kupokea malalamiko ni karatasi tu, kwa sababu anayelalamikiwa anaweza kuwa mkurugenzi mwenyewe.

Na swali la mwisho: mnanitaka nilete nini? Wakikubali uje wiki ijayo bila cheti cha polisi, bila wadhamini wawili watakaopigiwa simu kweli, bila mahojiano, basi ndivyo wanavyompokea kila mtu. Hili pekee linatosha kukufanya ukatae, hata kama mengine yote yamekupendeza.

Dalili nyingine za kukimbia: watoto wanapangwa kuimbia wageni, unaruhusiwa kumtoa mtoto nje kwa siku nzima, tovuti ina majina na historia za watoto, majalada yanashikwa na mtu mmoja tu, au kuna vichanga wengi na hakuna anayeweza kukueleza mpango wa kuwapeleka kwenye familia.

Ukishapata makao yanayofaa, chagua kazi inayomsaidia mlezi badala ya inayochukua nafasi yake. Kutengeneza bomba na paa, kupanga hesabu na majalada, kufundisha walezi kompyuta au huduma ya kwanza, kusaidia jikoni, kutafsiri barua, yote haya hubaki baada yako. Bora zaidi kama shirika lina kituo cha kulea watoto mchana au mradi wa kuzisaidia familia mtaani zisifikie kuwapeleka watoto makaoni. Omba kazi huko kwanza. Kipimo cha ujuzi ni rahisi: jambo ambalo usingeruhusiwa kumfanyia mtoto nchini kwako, kama kumpa dawa au ushauri nasaha, usilifanye kwingine. Kipimo cha muda nacho: ukiwa na wiki mbili, chukua kazi isiyokukutanisha na watoto. Kwa kazi ya kukaa nao kila siku, miezi sita si mingi.

Karatasi

Kosa linaloongoza ni viza. Nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi, na viza ya utalii hairuhusu kazi. Ukikamatwa unaweza kutozwa faini au kurudishwa, na makao yaliyokupokea yanaweza kuingia matatani na wanaowapa leseni. Waandikie ubalozi sentensi moja tu: "Je, kazi ya kujitolea isiyo na malipo kwenye makao ya watoto inaruhusiwa kwa viza hii?" Jibu lichapishe, tembea nalo.

Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa mbili tupu. Cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kiombe miezi miwili au mitatu mapema, kutoka nchi yako na kila nchi uliyoishi kwa muda mrefu. Uliza makao yanakubali cheti cha umri gani, kwa sababu ukikiwahi mno kinaweza kuchacha kabla hujafika. Aliyeishi Uingereza anaweza kuomba cheti maalumu cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto kwa wanaokwenda kufanya kazi na watoto nje.

Kwenye bima, soma sehemu ya visivyolipiwa kabla ya kusoma kinacholipiwa. Tafuta mambo matatu: kazi ya kujitolea iwe imetajwa, kusafirishwa hospitali nchi nyingine kuwemo, na dhima kwa madhara utakayomsababishia mtu mwingine kuwemo. Pikipiki mara nyingi imetolewa kwenye bima za kawaida, na watu hugundua hivyo wakiwa wameshavunjika mguu.

Chanjo: hesabu kuanzia miezi sita nyuma

Nyumba yenye watoto wengi wanaolala chumba kimoja husambaza ugonjwa haraka, na mara nyingi anayeuleta ni mgeni. Kwa hiyo chanjo hapa ni ulinzi wao kwanza, wako baadaye. Panga na daktari hivi:

Homa ya ini B huchomwa dozi tatu, mwezi 0, wa 1 na wa 6, ndiyo maana unaanza nusu mwaka kabla. Surua inahitaji dozi mbili zilizopishana angalau siku 28. Usipokuwa na kumbukumbu ya kuchanjwa, rudia. Hakikisha pia tetekuwanga, pepopunda na polio. Sindano ya homa ya matumbo ichomwe wiki mbili kabla ya safari. Kinga ya awali ya kichaa cha mbwa, kwa mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018, ni siku ya 0 na ya 7. Cheti cha homa ya manjano huanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Wanaochanjwa siku tano kabla ya kuruka hukwama mpakani hata wakiwa na cheti mkononi.

Pima kifua kikuu kabla ya kuondoka, na urudie wiki 8 hadi 10 baada ya kurejea. Kipimo cha ngozi husomwa kati ya saa 48 na 72, kwa hiyo usikifanye Alhamisi kama kliniki inafungwa mwisho wa juma.

Kazini

Wiki ya kwanza angalia tu. Jifunze majina ya walezi kabla ya majina ya watoto, na sentensi thelathini za lugha ya pale: njoo, subiri, inauma wapi, mlezi wako yuko wapi, sijui, samahani.

Kanuni inayobeba nyingine zote ni kwamba mlezi yuko mbele yako. Chukua mfano mdogo. Mtoto ameanguka uwanjani, goti linachuruzika damu, na anakujia wewe kwa sababu uko karibu. Piga goti, mtazame usoni, muulize inauma wapi. Kisha mshike mkono mtembee pamoja mpaka kwa mlezi wake, hata kama ni hatua sitini na sanduku la dawa liko karibu nawe. Mlezi ndiye aoshe kidonda, ndiye afunge, ndiye ambembeleze. Wewe shika bakuli la maji. Mtoto anajifunza kwamba maumivu yake yana mtu, na mtu huyo atakuwepo mwezi ujao.

Usikae na mtoto peke yenu chumbani; mlango uwe wazi na mtu mzima mwingine awe anaona. Usiombe wala kupokea zamu ya usiku ya peke yako. Usimpe mtoto mmoja zawadi. Usitoe namba yako ya simu wala kuunganishwa nao mtandaoni, hata kwa vijana wakubwa wanaokusihi. Usiahidi kurudi. Picha za watoto usipige. Simu nyingi huhifadhi mahali picha ilipopigwa ndani ya faili, na mtoto aliyefichwa kwa sababu ya mtu aliyemdhuru anaweza kutafutwa kwa picha moja ya siku ya kuzaliwa.

Mtoto akikueleza jambo la kuogofya, sikiliza, usimhoji, usimwahidi siri. Mwambie utamweleza mtu anayeweza kusaidia. Andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, mahali, na maneno yake kama alivyoyasema bila kuyanyoosha, hata kama ametumia neno la kitoto. Mkabidhi mhusika wa ulinzi wa mtoto ndani ya saa 24.

Ndugu wanapokuja: tarehe

Usimwite mtu ndani ya miezi miwili ya kwanza. Bado hujajua njia, na watoto wanaanza tu kukuzoea. Usimwite pia wiki mbili za mwisho, kwa sababu hizo ni za kuaga. Katikati ndiko kunakofaa.

Wajulishe makao miezi miwili kabla, ili zamu zako zipangwe upya bila mlezi kuzibebeshwa juu ya zake. Siku saba kabla ya kuondoka, mlezi na wewe waonyesheni watoto kalenda ya ukutani. Wekeni alama siku ya kuondoka na siku ya kurudi, watoto wafute siku moja kila jioni. Maneno yawe machache: "Naenda kukaa na mama yangu siku kumi. Narudi Jumatatu hii hapa." Kinachoharibika mara nyingi ni mtu kutoka alfajiri kimyakimya ili watoto wasilie. Hawalii yeye akiwapo. Hulia baadaye, na mlezi ndiye hubaki na kilio hicho bila maelezo.

Mazungumzo ya kufanya kabla tiketi haijanunuliwa

Karibu kila mzazi akija atataka kuwaona "watoto wako". Anakuja kwa upendo, amebeba zawadi, na amekuwa akiwasikia kwenye simu kwa miezi. Mwambie mapema, tena kwa sauti badala ya ujumbe, kwamba safari yenu haitapita makaoni. Unaweza kusema hivi: "Mama, ile ni nyumba yao. Wageni wakiingia na kutoka, wadogo wanawazoea halafu wanawapoteza. Nitakupeleka ukakutane na walezi ninaofanya nao kazi, na mtaa nitakuzungusha wote." Mama akinung'unika, mwache anung'unike. Akiambiwa dakika ya mwisho, akiwa ameshafika na sanduku la midoli, itauma zaidi.

Njia inayofanya kazi vizuri ni kuwaalika walezi wawili watatu, siku yao ya mapumziko, mle pamoja nje ya makao. Mkurugenzi ajue. Wazazi hupata walichokitaka hasa, yaani kujua mtoto wao yuko mikononi mwa watu gani, na walezi hupata shukrani ambayo mara chache huwafikia. Endapo makao yenyewe yanasisitiza wageni waingie, ombeni iwe saa watoto wakiwa shule, ofisini na uwanjani tu, bila kamera.

Na sanduku la zawadi? Muombe mkurugenzi orodha ya mahitaji, idadi na ukubwa. Kama watoto ni 32, miswaki ni 32 au hakuna. Miswaki 20 ni ugomvi. Vitu vinavyopatikana sokoni pale vinunuliwe pale, kwa fedha inayotolewa risiti yenye jina la makao, kwa sababu kilo 23 za begi la ndege hujaa haraka na muuza duka wa jirani naye ana watoto. Kinachostahili kubebwa ni kile kisichopatikana: kifaa cha mtoto mwenye ulemavu, kipuri, kitabu cha mafunzo kwa walezi. Dawa zisibebwe kwa ajili ya watoto. Vyote vikabidhiwe stoo, mlezi ndiye agawe kwa wakati wake na bila kutaja mtoaji.

Karatasi na afya zao

Wao wanakuja kutembea, kwa hiyo viza ya utalii au ya kumtembelea ndugu inawatosha, na mpakani waseme hivyo hivyo, ndiyo kweli yenyewe. Anuani ya kufikia iwe ya nyumba ya wageni au unapoishi, isiwe ya makao, la sivyo wataulizwa maswali ya kazi.

Mdogo wako au mtoto wa dada yako akija bila mmoja wa wazazi wake, abebe barua ya ridhaa iliyosainiwa na mzazi asiyesafiri na kuthibitishwa na wakili au mamlaka, pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Bila barua hiyo anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege, na hilo ni sahihi: ni ukaguzi uleule unaomzuia msafirishaji haramu wa watoto. Mjamzito aulize shirika la ndege. Mengi hutaka barua ya daktari kuanzia wiki ya 28 na hayampokei baada ya wiki ya 36, au mapema zaidi kwa mapacha.

Dawa za wazee zibaki kwenye pakiti zake na maelekezo ya daktari, zote kwenye begi la mkononi, na za ziada za wiki moja. Wakiwa wawili, kila mmoja abebe nusu ya dawa za mwenzake, begi moja likiibwa isiwe msiba. Kwenye ndege wainuke kila saa moja au mbili. Damu huganda miguuni kwa kukaa. Chaja ya mfukoni ya uwezo wa milliampea 20,000 ni takriban wati-saa 74, iko chini ya kikomo cha 100, lakini ipande nao mkononi, si kwenye begi linalopakiwa chini ya ndege.

Mkienda eneo la malaria, ratiba ya kinga hutofautiana na hapo ndipo watu hukosea. Atovakwoni-proguanili huanza siku moja au mbili kabla na kuendelea siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini huanza siku moja au mbili kabla na kuendelea wiki 4 baada ya kutoka. Wengi huacha wakishafika nyumbani, nao vimelea hujitokeza hapo. Homa yoyote ndani ya miezi kadhaa baada ya safari ipimwe malaria siku hiyo hiyo.

Ratiba yenyewe

Siku kumi ni safari nzuri kama hutaitaka ikuonyeshe nchi nzima. Siku mbili za kwanza ni za kulala, kuzoea maji na joto, na kutembea mtaani kwako. Kisha siku tatu mahali pa kwanza, siku moja ya njia, siku tatu mahali pa pili, na siku ya mwisho mrudi mji wenye uwanja wa ndege. Siku hiyo ya mwisho usiijaze kitu. Ndiyo hulipia basi lililoharibika, barabara iliyofungwa na tumbo la baba.

Endesheni mchana tu. Saa nne za barabara kwa siku zinatosha kwa mwenye umri. Zikizidi, lalani katikati ya njia. Mikanda ifanye kazi, na kama ya kiti cha nyuma imefichwa chini ya kitambaa, kifunueni kabla hamjaondoka badala ya kuona aibu mbele ya dereva. Mkipanda milima zaidi ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne mlale palepale. Kichwa kikiuma na mtu akaanza kupepesuka, mshusheni usiku uleule.

Tumbo likiharibika, maji ya chumvi na sukari ni lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari, ondoeni kilichovimba juu ya kijiko kwa kisu. Pakiti za duka la dawa ni bora zaidi, bebeni sita.

Mkinunua safari kwa wakala, ombeni ratiba kwa maandishi na muisome kila siku yake. Wengine huchomeka "kutembelea kituo cha yatima" au kuingia darasani masomo yakiendelea, kama vile ni maporomoko ya maji. Waambieni wakitoe na waandike upya. Wakisema wageni wote hupenda, jibu lenu libaki lile lile, na wakala mwingine atafutwe.

Fedha zizungumzwe mapema. Mara nyingi ndugu hudhani wewe umeshakuwa mwenyeji na utabeba, nawe unadhani wao wametoka kazini na watabeba. Gawaneni: wao malazi na usafiri, ninyi nyote chakula, au vyovyote mtakavyoafikiana, mradi iwe kabla ya safari.

Kisha kuna uchovu wako. Siku nzima unakuwa mkalimani, mwongozaji na mpatanishi wa bei, juu ya miezi ya kazi inayochosha moyo. Tengeni nusu siku kila baada ya siku tatu ambapo hakuna anayemhitaji mwenzake: mama apumzike kivulini na kitabu, wewe ulale. Usipofanya hivyo, siku ya saba mtagombana kwa jambo dogo kama funguo. Na maswali kuhusu watoto yakija jioni, simulia kazi, usisimulie historia zao. Maisha ya mtoto hayapelekwi mezani hata kwa mama.

Kurudi

Waage uwanja wa ndege, kisha ulale usiku mmoja kabla ya kurudi zamu. Asubuhi jikague: homa, upele, kikohozi kipya, tumbo. Aliyeharisha au kutapika asikaribie jiko wala watoto mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Upele pamoja na homa ni daktari kwanza, hata kama unadhani ni jua.

Ukichelewa kwa sababu yoyote, mpigie mlezi wa zamu kabla ya saa ya watoto kulala, ili alama ya kalenda isogezwe jioni ile ile, mbele ya macho yao.